Fomu ya Kuchagua wa Kukuosha

Tarehe 6 Februari

Mwanangu,

Mimi mzima, sijui wewe. Nilikupigia Jumanne ukasema uko mkutanoni, nikapiga Alhamisi ukasema ndiyo unaingia mkutanoni. Barua haijui mkutano, nimeona nije kwa mlango huu. Baba yako goti limemrudia na fimbo anaikataa, anasema fimbo ni ya wazee, utadhani yeye kazaliwa juzi. Mama yako mdogo ameezeka chumba cha nyuma, sasa anatembea kama aliyejenga ghorofa. Mjukuu wangu meno mangapi? Mnampa maji ya kutosha? Najua umesoma, lakini maji ni maji.

Sasa nikwambie lililonikalisha na kalamu, mimi mtu wa darasa la nne.

Hapa kazini, kwenye nyumba ya wazee, tumeletewa fomu kutoka makao makuu, huko huko kwenu. Msimamizi alitukusanya chumba cha kulia, akatugawia kofia, akabandika ukutani picha ya viganja vya rangi saba vimeshikana. Akasema kuanzia leo kila mzee atachagua mhudumu wa kumwosha, kumvisha na kumlisha, na hiyo ndiyo heshima, na huo ndio usawa. Alisema usawa mara nyingi mpaka mpishi akasinzia. Kofia yangu nimempa baba yako, anaivaa akilisha kuku.

Unamkumbuka mwenzangu, yule kiziwi? Ulimwona siku uliyokuja kunichukua getini, ukaniuliza mbona yule mama hajaitikia. Miaka sita tuko naye zamu ya asubuhi. Kumgeuza mzee kitandani ni kazi ya wawili, mmoja huku, mmoja kule, shuka katikati. Ukipata mwenza mbaya, mzee anavutwa kama gunia la mkaa. Yeye sijawahi kumhesabia moja, mbili, tatu. Ananitazama mabega tu, tunanyanyua pamoja. Ukimtaka unapiga mguu sakafuni, au unazima na kuwasha taa, huyo kashageuka. Na Karani, yule mzee wetu aliyekuwa karani wa mahakama, kiharusi kikampiga ulimi ukafa, sisi tungekaa naye mwaka mzima tusijue anataka maji au mkojo. Mwenzangu amemfundisha kusema kwa mkono ule mmoja mzima. Wanapiga soga mpaka wanafutana machozi, na sisi wenye masikio tunabaki kukodoa macho.

Basi fomu zimejazwa. Wazee wetu ni kumi na mmoja. Tisa hawakumchagua mwenzangu. Msimamizi alisoma hesabu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuazima, akasema wazee wawili hawajazi zamu, akampeleka kufua. Sasa yuko chumba cha nyuma peke yake na mashine. Mimi nimepewa binti tunamwita Manukato, anamshika mzee kwa ncha za vidole kama anaokota kaa la moto.

Wewe kazi yako huko juu ndiyo hiyo hiyo ya usawa. Nitafutie aliyeandika fomu hii. Huyo hajawahi kuosha hata paka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwambie mkataba wa mwenzangu unaisha mwisho wa Juni, na Msimamizi ameshasema mhudumu asiye na mzee wa kumhudumia hana mkataba. Ana watoto wawili na mama yake. Fanya kitu, mwanangu.

Ni mimi mama yako, nakuombea usingizi.


Tarehe 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nimekuwa na safari za kikazi. Mtoto ana meno manne na anamng'ata baba yake. Maji anakunywa. Mpe pole baba, mwambie fimbo siyo aibu.

Kuhusu hilo la kazini, naomba uelewe taratibu zetu. Fomu kama ile haiandikwi na mtu mmoja, ni mchakato mrefu unaoshirikisha wadau wengi. Lengo lake ni kuwapa wakazi sauti. Tunasema "wakazi", Mama, siyo "wazee". Na siku hizi si vizuri kumwita mtu "kiziwi". Tunasema mtu mwenye changamoto ya usikivu.

Nawe jiulize. Kwenye nyumba yetu nyingine kuna bibi aliyevuliwa nguo na wanaume miaka miwili, kila asubuhi analia, na hakuna aliyewahi kumuuliza unataka nani akuoshe. Fomu ilianzia hapo. Je, huyo naye hakustahili kuulizwa?

Kama wakazi tisa wamechagua vingine, hatuwezi kuwalazimisha. Lakini usidhani mwenzako hathaminiwi. Picha yake ndiyo tuliyoiweka kwenye jalada la kijitabu chetu cha mwaka huu, ile ambayo amemshika mkazi begani na kutabasamu. Imependwa sana.

Mwezi wa Mei kuna mkutano wa nyumba zote na fomu itawasilishwa kama mfano wa kuigwa. Mpaka wakati huo nakuomba usimsumbue Msimamizi, na usinitaje.

Mwanao akupendaye.


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo, fimbo ameipokea, lakini anaishika kwapani kama gazeti, haigusi chini. Mama yako mdogo anakusalimu na anauliza kama mna rangi ya dirisha huko, sijui kwa nini amuulize mtu wa ofisi.

Nimesoma barua yako mara tatu. Wadau ni kina nani? Ni watu wa namna gani hao wanaoshirikishwa halafu hakuna hata mmoja anayenuka dawa ya choo?

Nimemweleza mwenzangu kwamba yeye sasa ni mtu mwenye changamoto ya usikivu. Nilimweleza kwa mikono, ikanichukua muda, ni maneno marefu hayo. Alicheka mpaka akaegemea mashine. Akaniambia mimi ni kiziwi, changamoto ni Msimamizi.

Kijitabu kimefika. Tumekiona. Yuko juu ya jalada anatabasamu, na vilikuja viboksi viwili, na aliyetumwa kuvibeba kutoka getini ni yeye mwenyewe. Alijitazama pale juu, akaangalia mikono yake ilivyobabuka kwa sabuni, akavipanga kabatini. Mimi ningevichoma.

Halafu nikwambie jambo. Jana nilikuwa namlisha Karani uji, nakala ya fomu yake iko mezani. Unajua makarani, karatasi hawaiamini upande mmoja. Akaigeuza kwa ule mkono wake, akaweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama mchwa. Nikaenda kuchukua miwani. Imeandikwa: fomu hii imeandaliwa na. Kisha jina. Jina nililokuchagulia mimi, la bibi yako mzaa baba, nikakatazwa na ndugu zangu nikashikilia hapo hapo.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

Kwa hiyo mchakato ni wewe. Nilikuomba unitafutie aliyeandika, ukakaa wiki sita, ukaniandikia kwamba haandiki mtu mmoja. Nilikufundisha mengi, hilo la kumpaka mama yako mafuta kwa mgongo wa chupa hukulitoa kwangu. Huyo bibi aliyekuwa analia, alistahili kuulizwa, sikatai. Ungemuuliza yeye. Dawa ya mgonjwa mmoja umewanywesha wodi nzima, na uliyemtapisha ni mwenzangu.

Karani ana kidonda nyongani. Mimi nimekiona leo. Manukato alisema alimgeuza kila baada ya saa mbili, na kwenye daftari ametia tiki, tiki nzuri zimesimama kama askari. Mzee hakuweza kusema anaumia. Aliyekuwa anaelewa yuko anafua.

Sikutaji kwa mtu, usiogope. Nani angetaka kukutaja.

Mama yako.


Tarehe 30 Aprili

Mama,

Mtoto hajambo. Sisi hatujambo.

Barua yako niliisoma kazini nikaificha kwenye droo, siku tatu sikufungua hiyo droo. Ni kweli, fomu niliiandika mimi. Niliona aibu kukwambia baada ya kusoma ile habari ya paka. Na ni kweli sijawahi kuosha mzee. Niliandika nikiwa na yule bibi kichwani, nikadhani nawaandikia wote.

Lakini niliagiza fomu zenu zenyewe, siyo hesabu za Msimamizi. Zililetwa Ijumaa. Nimezipanga mezani kwangu, zote kumi na moja.

Mama, mwandiko huu naujua. Ndio ulioniandikia vijibarua vya kumwomba mwalimu ruhusa nilipokuwa naumwa. Herufi k ina mkia unaoshuka mpaka mstari wa chini. Fomu tisa zimejazwa na mkono mmoja, na mkono huo ni wako.

Na hakuna popote palipoandikwa kwamba wanamkataa mwenzako. Hakuna mkazi aliyesema hamtaki. Kwenye nafasi ya "ninayemchagua", mara tisa, limeandikwa jina lako. Mbili zilizobaki ameandika mtu mwingine, na hizo zinamtaja yeye.

Uliniambia tisa hawakumchagua. Hukuniambia walimchagua nani. Uliwaulizaje?

Nakuomba usimwambie mtu kuwa mwandiko ni wako. Mhudumu hakuruhusiwa kumjazia mkazi anayemhudumia, imeandikwa ukurasa wa pili. Watakuachisha kazi. Baba atakula nini?

Mwanao.


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa mimi safari hii. Baba yako anaendelea. Mama yako mdogo mvua imemwonyesha kuwa bati lake lina tundu, ametulia. Sisi tuko.

Barua yako nilikuwa naisoma jikoni, nikaiweka chini ya sufuria, naisoma tena, naificha. Sasa nakujibu, usinikatize hata kama umbali haukuruhusu.

Msimamizi alinipa kalamu. Alisema wewe mama wanakupenda, wajazie hawa wasioweza kuandika, tumalize kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa wa pili sikuusoma. Hakuusoma hata yeye.

Nilianza na Bibi Redio, tunamwita hivyo kwa kuwa hazimiki. Nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono kama ninavyomshika kila siku. Nikamuuliza, "Bibi, unataka akuoshe nani, mimi au mwenzangu?" Akasema, "Wewe, mwanangu, nani mwingine?" Sasa niambie, mtu kakaa kitandani kwako, kakushika mkono, uji wako wa kesho uko mikononi mwake, anakuuliza mimi au yule. Utamjibu nini? Hata ingekuwa Manukato kakaa pale angechaguliwa Manukato. Lakini siku ile sikuliona hilo. Niliona napendwa.

Nikaandika jina langu. Kwa wa pili nikaandika tena. Kufika wa tano nilikuwa natembea kwa maringo kwenye korido, mwanangu, nimevaa na ile kofia. Maisha yangu yote sijawahi kuchaguliwa kitu. Shuleni walinitoa wakamwacha kaka yangu. Huku kazini cheti cha mfanyakazi bora anapewa mlinzi kila mwaka, shemeji yake Msimamizi. Basi siku moja nikawa tisa. Karani na mzee mwingine, Fundi Saa, waliulizwa na mpishi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeenda chooni. Mpishi hamwoshi mtu, hakuwa na la kujipendekezea. Wote wawili wakamchagua mwenzangu.

Na wakati Msimamizi anasoma hesabu mwenzangu alikuwa ananitazama mimi, siyo yeye. Huwa ananitazama nimweleze waliyosema watu. Nikamwambia kwa mikono: wazee wamechagua. Sikusema zaidi. Nilipokuandikia barua ile ya kwanza nilikuwa nataka nirudishiwe mwenzangu na nibaki na tisa zangu. Nikamtukana aliyeandika fomu, ili nisimtazame aliyeijaza.

Nilikudharau kwenye barua. Ile dharau ilikuwa ya watu wawili, nikakutwisha yote wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Msimamizi nikamwambia fomu zimejazwa vibaya na aliyezijaza ni mimi. Unajua alisema nini? "Mama, fomu ikishagongwa muhuri imesema ukweli." Nikamwambia mimi ndiye niliyeisemesha. Akasema mkutano wa Mei nyumba yetu imetajwa kwa kuwa na wakazi walioridhika kuliko zote, tisa kwa kumi na moja, nisimharibie. Akaniuliza nataka chai. Mtu amekwambia amemwonea mwenzie, unamuuliza chai!

Kwa hiyo mlizitaja tisa zangu kwenye mkutano. Hukuniandikia kuhusu Mei, nami najua kwa nini.

Zimebaki wiki tatu mkataba wa mwenzangu uishe. Mimi nimesema hapa, hapa hapasikii. Wewe ndiye jina lako liko nyuma ya fomu. Nikiachishwa kazi niachishwe, baba yako atakula ninachokula mimi. Mwenzangu bado sijamwambia. Najaribu. Mikono inakuwa mizito.

Kidonda cha Karani kimefika ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Mama.


Tarehe 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka ili barua iwahi gari la leo.

Mwezi wa Mei nilisimama mbele ya watu mia mbili nikaonyesha hesabu za nyumba yenu ukutani, huku mwandiko wako uko kwenye mkoba wangu. Nilipigiwa makofi. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Hakuna wakati mzuri, nilikuwa nasubiri cheo.

Barua yako ilipofika niliagiza fomu za nyumba zote nane. Mama, katika nyumba sita zimejazwa na wahudumu wenyewe. Kuna nyumba mhudumu mgeni kutoka nchi ya jirani hana hata mkazi mmoja. Kuna nyumba mhudumu mwenye vitiligo, yale mabaka meupe mikononi, amehamishiwa stoo. Kila mahali walioondolewa ni wale wale wasiofanana na wengine, na kila mahali kuna karatasi inayosema wazee ndio walioamua.

Nilimpelekea mkurugenzi. Alizipitia moja moja, akaniuliza kama tunaweza kuliita "somo tulilojifunza". Nikasema liite utakavyo, mradi watu warudi kazini kesho. Cheo kimekwenda kwa kijana wa matangazo, aliyepiga ile picha ya jalada. Mimi nimeagizwa niandike fomu ya kueleza kwa nini fomu ilishindwa. Sicheki, Mama. Kidogo nacheka.

Fomu imefutwa. Mwanamke anayetaka kuoshwa na mwanamke bado atasikilizwa, na mwanamume vivyo hivyo. Mengine yote yamerudi yalivyokuwa. Msimamizi ameandikiwa barua, na mkataba mpya wa mwenzako ni wa miaka miwili. Jina lako sikulitaja. Waliniuliza, nikasema katika nyumba sita wahudumu walipewa kalamu na wasimamizi, na wasimamizi ndio waulizwe.

Nitakuja Agosti. Nataka kukaa zamu moja nanyi, siyo kwa ukaguzi. Nipe ndoo.

Umeshamwambia?

Mwanao.


Tarehe 11 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na mtoto nibusie kwenye kisogo. Baba yako anauliza Agosti mtakuja na gari gani ili aje kituoni, na goti hilo. Mwambie hapana, mimi hanisikii.

Barua ya makao makuu ilifika. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Picha ya viganja amebandua, chini yake rangi ya ukuta ni mbichi, inatutazama. Manukato ameomba kuhamia mapokezi. Ni kazi yake kabisa, nakwambia bila ubaya wowote.

Ndiyo, nimemwambia.

Nilikwenda chumba cha kufulia kabla hajaitwa ofisini. Nilitaka asikie kwangu kwanza. Nikapiga mguu sakafuni, akageuka. Mwanangu, mimi nimezoea kuungama kwa mdomo. Kwa mdomo unaweza kuangalia pembeni, unaweza kusema haraka, unaweza kunong'ona. Kwa mikono hupati pa kujificha, sharti mtazamane, na kila neno ulitengeneze mwenyewe likae hewani. Nikasema: wazee hawakukukataa. Niliwauliza mimi. Niliwauliza vibaya, nikafurahi. Niliandika jina langu mara tisa. Nikakuona unaondoka, nikanyamaza.

Alizima mashine. Aliniuliza kitu kimoja tu, tangu lini ninajua. Nikamwambia tangu siku ile ile. Akatazama vidole vyangu muda, kama bado vinasema. Kisha akakunja lile shuka alilokuwa nalo, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine, akatoka.

Amepewa wazee wake wote. Siku aliyorudi wodini Karani alimsimulia kwa mkono mpaka mkono ukamchoka, akalala mchana kutwa. Kidonda anakiosha yeye na kimeanza kufunga, nyama ya pembeni imekuwa ya pinki. Bibi Redio ananiambia, "Afadhali bubu amerudi, yule msichana alikuwa ananisugua kama sufuria." Nikamuuliza, bibi, si ulisema unanitaka mimi? Akasema, "Wewe ulikuwa umekaa hapo!"

Amerudi, lakini siyo na mimi. Aliomba zamu ya mchana. Msimamizi siku hizi akiombwa anakubali kabla hujamaliza. Mimi asubuhi ninafanya na mpishi mdogo anayejifunza kazi, ananyanyua vizuri, ana haraka kidogo.

Tunaonana saa nane, wakati wa kupokezana. Tunasimama mlangoni mwa wodi dakika kumi, namweleza nani hakula, nani hakwenda choo, nani apewe dawa saa ngapi. Jana alinieleza yeye, aliyoyaona juzi jioni. Akaniambia bega la kushoto la Karani linauma, nisilivute ninapomvisha shati. Fundi Saa anaficha tembe chini ya ulimi, nimsubiri ameze. Bibi Redio kisigino kimeanza kuwa chekundu, kiwekewe mto. Alisema yote taratibu, akahakikisha nimeelewa, akarudia la tembe.

Mambo ya wazee aliniambia yote. Mimi hakuniuliza kitu.

Njoo Agosti. Ndoo ipo.

Mama yako.